Redio inanitaka kabla sijamaliza chuo. Niache?

SWALI

Shikamoo shangazi. Natumaini hujambo na kazi zako zinaendelea vizuri.

Mimi ni msichana wa miaka 22. Nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya mawasiliano ya umma kwenye chuo kimoja cha Dar es Salaam, umebaki mwaka mmoja. Kwa sasa niko fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, huku nyumbani kanda ya ziwa, kwenye redio moja ya mkoani.

Mwanzoni nilikuwa mtu wa kutumwa tu. Kuchapa matangazo ya vifo, kupokea watu wanaoleta salamu, kuwafuatia wakubwa chapati. Siku moja msomaji wa matangazo akachelewa, muda umefika, meneja wa vipindi akaniangalia akasema, "Wewe si unasomea haya mambo? Ingia." Nikaingia nikasoma misiba ya siku ile: anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Geita, fulani wa Tabora na fulani popote alipo, mazishi kesho saa nane. Nilipotoka fundi mitambo akanionyesha dole. Jioni watu wakawa wanapiga simu kuuliza yule dada mwenye sauti ya chini ni nani.

Tangu hapo nimewekwa kwenye kipindi cha jioni na kaka mmoja mwenyeji wa kituo. Kusema kweli shangazi, sijawahi kufurahi hivi tangu nianze chuo.

Wiki iliyopita meneja kaniita ofisini. Anataka nisirudi Dar, nianze naye rasmi mwezi wa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Atanipa laki moja na nusu kwa mwezi, na nikileta tangazo la biashara napata asilimia yangu. Nilipouliza mkataba akasema tutaangalia baada ya miezi sita. Nilipomwambia nina mwaka mmoja wa chuo akacheka: "Chuo hakihami. Sauti haisomewi."

Nami naona kama anasema kweli. Darasani tuko zaidi ya mia mbili. Kamera nimeishika mara ya mwisho semista ya pili, kwa zamu, nikaambiwa nisibonyeze kitu. Tunachosoma ni nadharia za wasomi wa mawasiliano: Lasswell kasema nini, McCombs na Shaw waligundua nini, Rogers na mchoro wake wa watu wanaopokea mambo mapya mapema na wanaochelewa. Mwalimu anasoma slaidi, sisi tunapiga picha slaidi. Halafu ukiwasha redio, mtangazaji ni mchekeshaji aliyepata wafuasi mtandaoni. Huyo Rogers hamjui na hana haja naye.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Mwandishi mmoja wa kituo alinichukua twende kwenye hafla ya kukabidhi mradi wa maji kijijini. Mwishoni afisa mmoja akapitisha karatasi: jina, chombo, namba ya simu. Nikajaza. Tukiwa kwenye bajaji tunarudi, ujumbe wa muamala ukaingia, elfu ishirini. Mwenzangu akaniambia karibu kwenye fani. Kuna bibi mmoja pale alikuwa ananivuta mkono anataka kusema kwamba koki ya upande wao haijawahi kutoa maji hata siku moja. Habari ilipotoka bibi hakuwemo. Mimi ndiye niliyeiandika, na elfu ishirini nimeshaitumia.

Baba mdogo, ambaye ananilipia sehemu ya ada isiyofikiwa na mkopo, anasema kama kazi imekuja mlangoni nachukua madeni ya nini tena. Mama anasema nimalize. Na pia nina sapu (mtihani wa marudio) ya Mbinu za Utafiti mwezi wa tisa, ambayo hata hamu nayo sina.

Naomba unishauri kama mwanao.

Binti wa Fildi


JIBU

Marahaba mwanangu. Usiache chuo.

Nimeanza na jibu ili usome yanayofuata bila roho juu, maana mengi unayoyalalamikia una haki nayo, na meneja wako si mtu mbaya. Anajua sauti nzuri akiisikia. Anachokosea ni hiyo kauli yake kwamba sauti haisomewi. Sauti kweli haisomewi. Kitambulisho cha uandishi kinasomewa.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inasema mtu hafanyi kazi ya uandishi wa habari nchini bila ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaweka elimu ya chini kuwa stashahada ya fani hiyo. Waliokuwa kazini tayari walipewa miaka mitano ya kwenda kusoma, baadaye muda ukasogezwa mbele. Nawafahamu watu wazima, sauti ambazo wewe umekua ukizisikia, waliorudi kukaa kwenye dawati la chuo jioni na vijana wa rika lako kwa sababu ya kanuni hiyo. Kwa miaka kadhaa wengi walidhani ni maneno ya kwenye makaratasi. Sasa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ipo na inafanya kazi, na mwaka 2024 aliteuliwa kuwa mwenyekiti wake Tido Mhando, mtu aliyeongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na baadaye TBC. Huwezi kumwambia huyo kwamba haijui redio.

Unaweza kubishana na sheria yenyewe. Mimi mwenyewe sipendi serikali iwe na mkono kwenye kuamua nani ni mwandishi na nani siye, na wadau wa habari wamelipigia kelele jambo hilo tangu muswada ulipokuwa bungeni. Lakini ubishi huo hautakusaidia siku utakapoulizwa cheti. Tena angalia ulipo: una miaka miwili ya shahada. Kwa vyuo vyetu vingi, ukiondoka mwaka wa pili huondoki na stashahada mkononi, unaondoka na matokeo ya semista nne. Mwenzako uliyemaliza naye kidato cha sita, akaenda kusoma stashahada ya uandishi wa habari mahali unapopadharau, atakuwa na sifa ya kuomba ithibati. Wewe uliyesoma muda huohuo chuo kikuu hutakuwa nayo.

Meneja atakuambia kipindi cha jioni ni burudani, hakihitaji mwandishi. Inawezekana, kwa leo. Ila redio za mkoani nazijua: anayetangaza muziki saa kumi ndiye anayesoma taarifa ya habari saa moja mwenzake akiugua, na ndiye anayetumwa kwa mkuu wa wilaya kesho yake. Wewe mwenyewe uliingia studio kwa sababu mtu kachelewa.

Sasa hiyo laki moja na nusu. Simdharau mtu kwa kipato, wengi wanaishi kwa hiyo. Nauliza tu inanunua nini. Inanunua jioni zako zote tano za juma, sauti yako, na mwaka wako wa mwisho wa masomo, na meneja hatoi hata karatasi moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: anafanya nini, saa ngapi, analipwa kiasi gani. Haisemi baada ya miezi sita. Serikali pia hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta na vyombo vya habari vimo, kwa hiyo kabla hujamshukuru pita ofisi ya kazi ya mkoa uulize kima cha sasa, uone kama anachokuahidi kinakifikia. Na hiyo asilimia ya matangazo maana yake mchana utakuwa unazunguka maduka ya vifaa vya ujenzi kuomba wadhamini, jioni unawasifu hewani. Ukifika hapo wewe ni mtangazaji au mtu wa mauzo?

Lipo na hili ambalo hamtaambiwa darasani. Mtangazaji asiye na mkataba ni mtangazaji wa meneja, si wa kituo. Mameneja wa vipindi wanahama, na anayekuja anakuja na watu wake. Siku hiyo utaambiwa kipindi kinafanyiwa maboresho, upumzike kidogo, utapigiwa simu. Hupigiwi. Na Bodi ya Mikopo haitasahau kwamba ulisoma miaka miwili. Deni la asiyemaliza ni deni kamili kama la aliyemaliza, na ukipata ajira rasmi makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ulipe shahada usiyokuwa nayo?

Usidhani pia kuahirisha mwaka ni kama kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Inataka barua, inataka sababu ambayo chuo kinaikubali, na mara nyingi sababu hizo ni ugonjwa, uzazi au matatizo mazito ya familia. "Nimepata kipindi redioni" sijui itapita mlango gani. Ukiondoka bila barua umejifukuzisha mwenyewe.

Kwa hiyo mrudie meneja, mshukuru kwa heshima, kisha umpe ofa yako. Mwambie unarudi Dar kumaliza, ila kila wiki utamtumia makala ya dakika tano, imehaririwa, iko tayari kurushwa. Dar imejaa watu wa kwenu: wanaosukuma mikokoteni Kariakoo, wanafunzi, akina mama waliofuata waume, madereva wa mabasi ya usiku wanaojua barabara ya kanda ya ziwa kuliko walioichora. Redio ya mkoani haina mwandishi wa kumweka Dar, na wasikilizaji wana ndugu huko wanaotaka kuwasikia. Vifaa unavyo: simu yako, programu ya bure ya kuhariri sauti, na chumba cha hosteli wenzako wakiwa darasani. Jifunike blanketi na simu yako ukisoma, mwangwi utapungua. Utacheka, lakini sauti itatoka safi kuliko ya studio nyingi ninazozijua. Likizo unarudi unakaa kwenye kipindi. Kama anakutaka kweli, hili atalipokea. Akisema ni mwezi wa kumi au basi, ujue alikuwa anatafuta mtu wa kuziba pengo, na pengo litazibwa na mtu wa fildi wa mwakani.

Na chuoni, kama kina redio yake, sioni kwa nini barua yako nzima haikuitaja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani FM, Mtakatifu Augustino kule Mwanza wana yao. Kama chenu kina hata kachumba kenye maikrofoni moja, nenda kakae hapo mpaka wakuchoke. Kama hakina, unaye mwalimu mmoja aliyewahi kufanya kazi chumba cha habari. Kila idara inaye. Mtafute nje ya slaidi zake.

Nadharia. Hapa tutagombana kidogo.

Una haki kuhusu kamera. Darasa la watu mia mbili na kamera ya zamu ni aibu, na chuo kinachopokea ada za watu wote hao kinapaswa kuulizwa. Uliza, kupitia serikali ya wanafunzi, kwa maandishi. Lakini usichanganye aibu hiyo na Rogers. Kushika kamera utafundishwa na fundi yeyote ndani ya wiki chache. Ulichoenda kusoma chuo kikuu ni kwa nini maneno yakisemwa na huyu yanasikilizwa na yakisemwa na yule hayasikilizwi, na hicho hakuna meneja wa vipindi atakayekaa chini kukufundisha.

Huyo Rogers unayemwona wa kwenye mchoro, jina lake limo kwenye utafiti uliofanyika hapahapa kwetu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Muulize mama yako kuhusu Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke kila kituo. Nchi nzima ilimjua, watu walimjadili kama jirani yao. Walichofanya watafiti ni hiki: kwa miaka miwili, hadi 1995, kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo, kikawa na vipindi vyake vingine, ili waweze kulinganisha wanaousikia na wasiousikia. Wakaenda nyumba kwa nyumba kuuliza, wakaangalia na kumbukumbu za zahanati. Kule ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 na Rogers akiwa mmoja wa waandishi. Redio iliingia chumbani kwa watu ikabadilisha uamuzi wao, na kuna watu waliojua namna ya kuthibitisha kwamba ni redio, si kitu kingine. Mchekeshaji mwenye wafuasi hawezi kukuthibitishia hata kama tangazo lake la sabuni limeuza sabuni moja.

Miaka ishirini kabla ya mchezo huo kuanza, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kwa makundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, wakatoka wakachimba vyoo. Nchi hii ina historia ya redio ambayo wenzetu wanakuja kuisoma kutoka mbali, na wewe uko darasani unapiga picha slaidi. Najua kosa si lako peke yako. Mwalimu anayefundisha Rogers bila kumtaja Mkwaju kwa wanafunzi wa Tanzania, simwelewi.

Nitakupa na jingine. Mwaka 1950 Mmarekani David Manning White alichapisha utafiti mdogo tu: alimwomba mhariri mmoja wa gazeti, kwa wiki moja, kila habari iliyotoka mashirika ya habari anayoitupa aandike pembeni kwa nini kaitupa. Hakuna mitambo wala fomula. Sababu zikatoka za ajabu: nyingine nafasi imejaa, nyingine hapendi tu habari za namna hiyo. Sasa rudi kwenye yale matangazo ya vifo uliyokuwa unachapa. Kifo kinachosomwa saa ile kimelipiwa. Yupo marehemu mwingine mkoa huohuo ambaye kifo chake kimeingia kwenye taarifa ya habari bure. Ni nani huyo? Nani aliamua? Na yule ambaye ndugu zake hawakuwa na hela ya tangazo, habari zake ziliwafikia vipi wa Geita na Tabora? Umekaa juu ya utafiti wa mwaka wa tatu na hujui. Omba kituo kikuruhusu kupitia daftari la matangazo la miezi michache iliyopita na taarifa za habari za miezi hiyohiyo, uyaweke pamoja. Utakuwa na kazi ambayo hakuna mwenzako kati ya hao mia mbili atakuwa nayo, wakati wao wanaandika kwa mara ya mia "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana".

Bahasha sasa, yaani ile elfu ishirini ya hafla. Nashukuru umeisema, wengi hawasemi.

Nitasema bila kuzunguka: ile hela ndiyo iliyomtoa bibi kwenye habari. Hakuna aliyekuambia umtoe. Hawahitaji kukuambia. Umeandika jina, umeandika namba, simu imelia, na ulipokaa kwenye kompyuta mkono wenyewe ukajua sentensi ipi ibaki. Maadili ya Baraza la Habari yanakataza mwandishi kupokea chochote cha kumfanya apindishe habari, na kila mtu aliyekuwa kwenye ile bajaji anayajua. Ila nisiwe mnafiki. Yule mwenzako aliyekukaribisha kwenye fani, ukimchunguza, kuna uwezekano mkubwa hana mkataba. Waandishi wengi wa mikoani wanalipwa kwa stori, stori isipotoka hawalipwi, na nauli ya kufika kijijini wanajitegemea. Mwenye hafla analijua hilo vizuri, ndiyo maana karatasi inaitwa ya nauli. Redio isiyomlipa mwandishi wake imeamua alipwe na wanaoandikwa. Na hiyo redio ndiyo inayokupa ofa bila mkataba, mwanangu. Unaona inakoelekea?

Namna ya kukataa: saini jina na chombo, sehemu ya namba ya simu piga mstari. Akikuuliza, sema uko mafunzoni na chuo hakiruhusu. Hatabishana na chuo. Wewe angalau kipindi hiki una kinga ambayo mwenzako hana, kwa sababu fungu la mafunzo kwa vitendo liko kwenye mkopo wako, tumia hilo kwa nauli. Elfu ishirini ulizokwisha kutumia zimekwenda, usianze maigizo ya kuzirudisha ukamweka yule mwenzako pabaya.

Cha kurudisha ni bibi. Kabla fildi haijaisha panda gari urudi kijijini kwa nauli yako. Mtafute. Mrekodi akiwa amesimama kwenye koki, uifungue koki sauti isikike kwamba haitoi kitu. Kisha nenda kwa aliyejenga mradi na kwa ofisi ya maji ya wilaya, uwape nafasi ya kujibu, wakikataa kujibu useme wamekataa. Hakikisha kila neno kabla kituo hakijaipandisha kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, na hapo hatafutwi meneja peke yake. Somo la sheria za habari ulilosoma kwa ajili ya mtihani, hapa ndipo linapoanza kuwa na kazi. Dakika tano zinatosha. Hiyo iwe makala yako ya kwanza ya ofa uliyompelekea meneja. Akiirusha, una kituo. Akisema mwenye mradi ni mdhamini wetu, nalo ni jibu, na umelipata kabla hujaacha chuo kwa ajili yake.

Kuhusu ajira baada ya kumaliza sitakudanganya. Nafasi za Afisa Habari zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinataka shahada ya uandishi wa habari, mawasiliano ya umma au uhusiano wa umma, na waombaji ni wengi kupita kiasi. Mashirika, hospitali kubwa na benki nao wanaajiri watu wa mawasiliano. Kote huko hawatakuuliza kama una sauti ya chini. Watakuomba cheti, halafu watakuomba kazi ulizofanya, na wengi wenu mnakuja na cha kwanza tu.

Baba mdogo usimjibu kwa simu. Amekulipia ada miaka miwili, mtu huyo anastahili kukaa naye, na mama yako awepo. Usianze na ndoto zako, anza na hesabu. Muulize ada ya mwaka wa tatu iliyobaki juu yake ni kiasi gani, kisha mwonyeshe kwamba laki moja na nusu, ukitoa chumba na chakula, haitakuwezesha kumrudishia hata ada aliyokwisha kukulipia, na kwamba hakuna karatasi inayosema hata hiyo utalipwa. Mwombe ushauri wake juu ya mkataba. Mtu aliyehangaika na maisha anajua thamani ya maandishi, nadhani atageuka kabla chai haijapoa. Kama shida yake ni kwamba kweli hela ya ada hana, hilo ni suala jingine. Mwambie aseme wazi ili mlitafutie njia mapema, na uombe Bodi ya Mikopo ikuongezee pale dirisha la maombi linapofunguliwa.

Sapu ni mwezi wa tisa, yaani karibu. Mbinu za Utafiti ndilo somo pekee katika barua yako litakalokuwezesha kufanya ile kazi ya matangazo ya vifo, hivyo chukua swali la vifo ulitumie kama mfano unaposoma: sampuli ni nini hapo, unachambuaje maudhui, utamhoji nani. Usiikose. Kwenye vyuo vingi sapu ukiifeli somo unalibeba mwaka unaofuata, na wewe mwaka unaofuata utakuwa na makala ya kutuma kila wiki.

Shangazi